Mtungi wa Maji: Mwili Wako Una Kipimo Chake

Msomaji, ukisafiri kwa barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa, utapita Kiboko, kituo kidogo cha Makueni kilicho kati ya Emali na Makindu. Kiboko ina chemchemi, lakini hiyo ni nchi kavu, na sehemu nyingi za Ukambani akina mama hutembea mwendo mrefu kufuata maji, pengine wakachimbua mchanga wa mto ili kuyapata. Mtungi hubebwa mgongoni kwa ukanda uitwao mukwa, ambao hupitishwa kichwani. Kwingineko, kama vile Nyanza, mzigo huwekwa utosini juu ya kata.

Je, mzigo huo unaufanya nini mwili? Swali hili ni la baiomekaniki, yaani elimu inayochunguza jinsi nguvu zinavyopita katika mifupa, viungo na misuli mtu anapotembea, anapokimbia au anapobeba kitu.

UTAFITI WA MWAKA 1986

Mwaka 1986, Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake kutoka ng'ambo walichapisha utafiti katika jarida la Nature. Waliwapima wanawake Waluo, waliobeba mizigo kichwani, na Wakikuyu, waliobeba mgongoni kwa ukanda. Hewa waliyovuta ilipimwa wakitembea, kwa sababu kadiri misuli inavyofanya kazi ndivyo inavyotumia oksijeni zaidi.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya walizotumia wakitembea mikono mitupu. Askari wanaobeba mizigo kwa mabegi ya mgongoni hawapati nafuu hiyo.

Mwaka 1995 maelezo yalipatikana. Unapotembea, mwili wako huinuka kidogo unapopita juu ya mguu uliokanyaga, kisha hushuka. Nguvu ya kushuka husaidia kukusukuma mbele, mfano wa bembea inayokwenda na kurudi. Sehemu fulani ya nguvu hiyo hupotea kwa kila hatua. Wanawake waliozoea kubeba tangu utotoni walipoteza nguvu pungufu walipokuwa na mzigo kuliko walipokuwa bila mzigo.

Hata hivyo, usidhani kila mtu ana kipaji hicho. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watu hutofautiana sana, na si kila mwanamke aliyezoea kubeba kichwani anayepata nafuu hiyo.

HESABU YA MTUNGI

Sasa chukua kalamu. Mama mwenye uzito wa kilo 60 ana kipimo cha kilo 12, ambacho ndicho asilimia 20. Mtungi wa plastiki wa lita 20 ukijaa una kilo 20 za maji peke yake. Hiyo ni thuluthi moja ya uzito wake. Kwa hiyo kilo 8 zimezidi kipimo, na kila kilo inayozidi mwili huilipia. Mwenye kilo 50 kipimo chake ni kilo 10 tu.

Ni dhahiri basi kwamba utafiti ule haukusema mtungi uliojaa ni mwepesi. Aidha, kuokoa nguvu si sawa na kuokoa mifupa.

SHINGO INAVYOUMIA

Shingo ina pingili saba, na kati ya nyingi kuna visahani laini vinavyopunguza kishindo. Kichwa chenyewe kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Ukiweka mtungi wa lita 20 utosini, ni kama umeongeza vichwa vinne juu ya shingo hiyo moja. Ukitumia ukanda, misuli ya shingo huvutwa nyuma mfululizo nawe huna budi kuinama mbele, hivyo kiuno nacho hulemewa. Mwaka 1997, uchunguzi wa picha za eksirei za wabebaji wa Afrika Magharibi ulionyesha kwamba pingili zao za shingo zilikuwa zimechakaa kuliko za watu wasiobeba mizigo kichwani.

UFANYE NINI?

1. Punguza mzigo. Mitungi miwili ya lita 10 kwa safari mbili ni salama kuliko mmoja wa lita 20. Kama kuna punda, mkokoteni au baiskeli, tumia.

2. Usijitwike peke yako. Piga goti, mgongo ukiwa wima, mwenzako akuinulie.

3. Tumia kata nene, au ukanda mpana usiokata ngozi.

4. Tembea kwa hatua za kawaida. Usikimbie, wala usigeuze shingo ghafla.

5. Mtoto asibebeshwe mzigo wa mtu mzima, kwani mifupa yake bado inakua. Mama mjamzito naye apumzishwe.

Ukiona ganzi au maumivu yanayoteremka mkononi, vidole kukosa nguvu ya kushika, au miguu kuyumba, usingoje. Nenda hospitali upimwe. Ukishindwa kuzuia haja, nenda siku hiyo hiyo.

Nawe mkaaji wa mjini usiseme haya hayakuhusu. Mabomba yakikauka mtaani, ni nani anayepandisha mtungi hadi ghorofa ya nne? Na kule nyumbani, ni nani anayeufuata mtoni? Ukienda likizo, pengine zawadi bora kwa mama ni mitungi midogo au tangi la kukingia maji ya mvua. Haba na haba hujaza kibaba, na shingo ikapona.