Maumivu ya Kifua Hayalaliwi

Mafuta ya kando ya moyo yanapokufa

Moyo umezungukwa na mafuta, kwa wanene na wembamba pia. Mara chache kipande cha mafuta hayo hukosa damu, kikafa na kuvimba. Mtu aliyekuwa mzima huchomwa ghafla upande mmoja wa kifua, mara nyingi kushoto, na akivuta pumzi ndefu maumivu huzidi. Madaktari wa Marekani waliueleza ugonjwa huu mwaka 1957. Zamani wagonjwa walipasuliwa kwa hofu ya saratani. Siku hizi hutambuliwa kwa kipimo cha picha kiitwacho CT, hupewa dawa ya maumivu, na baada ya siku au wiki kadhaa hupona.

Habari hiyo njema isimdanganye mtu

Mshtuko wa moyo nao huanza kwa maumivu ya kifua, na nyumbani hakuna awezaye kuutofautisha na ugonjwa huo wa mafuta. Hata daktari hupima kwanza umeme wa moyo na damu.

Dakika zina bei

Mwaka 1960 mtafiti Robert Jennings wa Marekani na wenzake walitangaza majaribio ya kufunga mshipa wa moyo wa mbwa kwa muda, kama unavyoziba katika mshtuko wa moyo, kisha kuufungua. Ulipofunguliwa mapema, ndani ya robo saa hivi, nyama ya moyo ilipona. Zilipopita kama dakika 20, sehemu yake ilianza kufa, na damu iliporudi haikuifufua. Baadaye yeye na Keith Reimer walionyesha kwamba kifo hicho huanzia tabaka la ndani na kusogea nje kwa saa kadhaa. Dakika za moyo wa mtu si zilezile, ila mwendo ni huohuo: anayechelewa hupoteza nyama zaidi ya moyo.

Tabia inayoua

Maumivu yanaanza saa tatu usiku. Mgonjwa anaambiwa ni gesi, anatafuna magnesia, anachuliwa mgongo, anakunywa tangawizi. Yasipotulia, mtoto anatumwa duka la dawa kununua diklofenaki. Wanangoja kuche. Alfajiri mgonjwa anafikishwa zahanati jasho jembamba likimtoka, midomo imepauka, na aliyemleta bado anasema ni gesi.

Maumivu ya kifua hayalaliwi. Nafuu ya kidonge si kipimo. Diklofenaki hutuliza maumivu na kuficha hatari, nayo kwa mwenye ugonjwa wa moyo, figo au vidonda vya tumbo yaweza kuleta madhara mengine. Wa kuogopewa zaidi ni mwenye presha, mwenye kisukari, mvutaji sigara, na yeyote ambaye maumivu yanapanda shingoni, tayani au mkononi, anayehema, anayetapika au kuzimia. Mzee, mwanamke au mwenye kisukari anaweza asiumwe sana kifuani, akachoka ghafla na kukosa pumzi tu, naye apelekwe. Mgonjwa asitembee kwenda hospitali, asiendeshe pikipiki mwenyewe, asingoje mume arudi wala mshahara utoke. Hata usiku wa manane, maumivu ya kifua hayalaliwi.

Mhudumu aambiwe nini

Saa maumivu yalipoanza, na kila dawa iliyomezwa, ya dukani au ya miti. Pakiti zake ziende naye.

Baada ya kuruhusiwa

Aliyepimwa akaambiwa ni mafuta tu humeza dawa kama alivyoandikiwa na hurudi kliniki siku aliyopangiwa. Yakianza maumivu mengine, hata yakifanana na yale ya kwanza, apelekwe upya hospitali usiku huohuo.