Chakula cha Miche Kilichofungwa Udongoni

Mkulima wa skimu, pengine ulipanda miche yako kwa wakati wake na mvua ikanyesha vizuri, lakini miche imedumaa na majani yamegeuka rangi ya zambarau. Usiilaumu mbegu kabla hujauangalia udongo.

Udongo mwekundu wa sehemu nyingi za Kakamega, Trans Nzoia na Uasin Gishu una fosforasi, chakula ambacho mche hauwezi kukuza mizizi bila hicho. Lakini udongo huo una chuma na alumini kwa wingi, navyo huikamata fosforasi kwa nguvu. Ni kama mahindi yaliyo ghalani na mlango umetiwa kufuli. Hata ukitawanya mbolea ya dukani, sehemu kubwa hukamatwa vilevile.

Ufunguo wa ghala

Ufunguo mmoja ni asidi za mimea, kama ile inayoifanya ndimu kuwa kali. Hutokea wakati majani na samadi vinapooza, na mizizi ya miti mingine huzitoa yenyewe. Asidi hizi hushikamana na chuma na alumini, na fosforasi huachiliwa.

Mgrevilea, uliotoka mashariki mwa Australia, ni hodari kwa kazi hii. Fosforasi ikiwa haba, huotesha vijizizi vingi vilivyosongamana kama brashi ya kuoshea chupa, navyo hutoa asidi hizo. Miti mingine mingi huhitaji msaada wako.

Labda utauliza: udongo wangu ni mkali tayari, kwa nini niongeze asidi? Ukali wa udongo na asidi za mimea si kitu kimoja. Asidi za mimea hupunguza sumu ya alumini inayoharibu ncha za mizizi.

Lakini usimwage asidi ya betri wala siki shimoni, utaua mche. Maji ya ndimu nayo hayafai, kwa maana vijidudu vya udongoni huila asidi yake kwa siku chache tu. Mche wahitaji asidi kidogo kidogo, siku zote, nayo hutoka katika vitu vinavyooza.

Fanya hivi

1. Chimba shimo la futi moja na nusu kila upande. Udongo wa juu uweke kando.

2. Changanya udongo huo na nusu debe la samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi.

3. Kama una mbolea ya fosfeti, tia kijiko kimoja cha mezani katika mchanganyiko huo. Isiguse mizizi.

4. Ukisha kupanda, tandaza majani makavu, au majani mabichi ya tithonia, ile ya maua ya manjano inayoota kwenye nyua. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina lisioze.

5. Usichome majani unaposafisha shamba. Majivu hayaozi.

Jaribu mwenyewe. Panda miche 10 kwa njia hii, na 10 kando yake bila samadi wala majani, kisha uilinganishe baada ya misimu miwili ya mvua. Yote 20 ikidumaa, mpelekee Bwana Shamba udongo upimwe, kabla hujatoa fedha kununua mbolea nyingine.