Kiduha, Ua la Mbugani

Katika nchi zilizo kando ya Ziwa Victoria huonekana ua zuri la rangi ya zambarau. Waluo huliita kayongo, na wakulima wengi wa Tanzania huliita kiduha. Mgeni apitaye njiani hupendezwa nalo, lakini mwenye shamba alionapo husikitika.

Kiduha ni mmea wa msimu mmoja. Huota, huchanua, huzaa mbegu, kisha hufa. Kwao hasa ni mbugani, katikati ya nyasi za mwitu. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, wala haina akiba ya chakula ya kutosha. Kwa hiyo hungoja udongoni, pengine miaka 10 na zaidi, mpaka mzizi wa nyasi upite karibu nayo. Mzizi huo hutoa utomvu udongoni, na utomvu huo ndio uiamshao mbegu. Hapo hutoa kijizizi, hujishika katika mzizi wa mwenziwe, na kunyonya maji na chakula.

Je, kiduha kilifikaje shambani? Mtama, uwele, mpunga na mahindi, yote ni jamaa ya nyasi. Mtu alipofyeka nyasi na kupanda nafaka, kiduha kilipata mwenyeji mpya. Kwa majuma kadhaa huiba chini ya ardhi, wala hakionekani. Mahindi hunyauka kana kwamba ni kiangazi, hali mvua ipo. Ua litokeapo juu, madhara mengi yamekwisha kufanyika.

Mche mmoja huweza kumwaga mbegu makumi ya maelfu. Hizo huchukuliwa na upepo, maji, majembe na kwato za ng'ombe.

Mkulima mwenye busara hufanya mambo matatu. Kwanza, hung'oa kiduha kabla hakijazaa mbegu, akakichoma moto. Pili, hutia samadi, maana kiduha hustawi katika udongo uliochoka. Tatu, hubadili mazao. Mizizi ya kunde, karanga au pamba huweza kuziamsha mbegu za kiduha, lakini haizilishi. Basi huota na kufa kwa njaa.

Kazi hii haiishi kwa mwaka mmoja. Lakini akiacha, watoto wake watarithi shamba lisilo na chakula.

Maswali
1. Kwa nini mbegu ya kiduha hungoja mzizi wa nyasi?
2. Kwa nini kukingoja kiduha kichanue ni kuchelewa?
3. Kunde husaidiaje shamba la mahindi?