Sifuri na Nafasi Tupu: Kuzichunguza Alama za Darasa kwa Kompyuta

Mwanachuo arudipo kutoka mazoezi ya kufundisha huja na daftari la alama, na mara nyingi swali la kwanza aulizwalo ni wastani wa darasa. Swali hilo huja mapema mno. Kabla ya kukokotoa chochote, yampasa azitazame tarakimu zenyewe: zimekusanyika wapi, na zipi zimejitenga. Mtakwimu wa Marekani, John Tukey, aliitetea kazi hiyo ya kutazama kwanza katika kitabu alichokitoa mwaka 1977, na njia zake nyingi hazidai zaidi ya karatasi na penseli.

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika shule moja ya mteremko wa Old Moshi, wanafunzi kumi wa Darasa la Tano wamepewa jaribio la hisabati mwezi wa Aprili, katikati ya masika. Alama za juu kabisa ni 50. Daftari linaonyesha: 34, 36, 41, 28, 39, 33, 0, 37, 0, 42. Wastani ni 29. Sasa zipangwe kwa mchoro wa shina na majani, makumi yakiwa shina na mamoja yakiwa majani:

0 | 0 0
1 |
2 | 8
3 | 3 4 6 7 9
4 | 1 2

Pengo lililo kati ya sifuri na 28 laonekana bila kukokotoa. Darasa ambalo kila mmoja amepata 28 au zaidi halielekei kuwa na wawili wasiojua hata kujumlisha. Mwalimu akiulizia atagundua kwamba wawili hao hawakufika. Siku ile korongo lilijaa maji. Sifuri yasema "amejaribu akakosa yote". Nafasi tupu yasema "hatujui". Ukiwaondoa wasiopimwa, wastani wa wanane waliobaki ni 36.25. Wako walimu waandikao 99 kwa asiyekuwapo. Kompyuta isiyoonywa itaihesabu, na wastani utapanda hadi 48.8.

Kwa kazi hii napendekeza lugha ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko New Zealand katika miaka ya 1990. Haina malipo, na ikishawekwa katika kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Asiyekuwapo huandikwa NA, herufi ambazo hazina uhusiano na neno letu "na":

alama <- c(34, 36, 41, 28, 39, 33, NA, 37, NA, 42)
stem(alama)
mean(alama)

Amri ya tatu itajibu NA. Mwanachuo asidhani kompyuta imeharibika: inakataa kukisia. Ataiagiza waziwazi iwaache wasiopimwa:

mean(alama, na.rm = TRUE)

Alama zikiwa nyingi, ziandikwe katika jedwali, kila mwanafunzi na mstari wake, kila jambo na safu yake. Neno "hakuja" lisiandikwe katika safu ya alama, kwa kuwa neno moja tu huweza kuifanya safu nzima isomwe kama maneno, na wastani usipatikane. Sababu ya kutofika iwe na safu yake yenyewe. Vijiji navyo viandikwe kwa majina. Anayeandika 1 kwa Kidia na 2 kwa Mahoma siku moja atapata wastani wa 1.5, na kijiji cha moja na nusu hakipo mlimani.

Safu ya kijiji ikiwapo, amri hii yafaa kuliko zote:

table(kijiji, is.na(alama))

Itaonyesha kila kijiji kina wangapi waliopimwa na wangapi waliokosa. Wakosaji wakitoka upande mmoja wa korongo, hata ile 36.25 si wastani wa darasa zima. Ni wastani wa waliokuwa na njia ya kufika. Mwalimu aliyetosheka na 29 angelirudia somo kwa wanane wanaolijua, na wale wawili wangebaki na sifuri katika taarifa ipelekwayo kwa wazazi.

Jedwali la awali lisiguswe. Masahihisho yafanywe kwa amri zilizohifadhiwa katika faili la pembeni. Wawili hao wakipewa jaribio lao maji yakipungua, NA zitabadilishwa kwa amri mbili, na kazi yote itarudiwa kwa dakika moja.