Sauti ya Bibi ni Namba: Kusoma na Kuandika Faili za Sauti

Wanachuo wenzangu, hasa ninyi mnaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, somo hili ni lenu. Mimi nasomea ualimu, kwetu ni Shinyanga. Kule fasihi simulizi tunaifundisha kwa chaki, wakati wazee wanaozijua nyimbo za kulima na za mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu bado wapo. Tena Kisukuma ni lugha ya toni. Ukiandika maneno peke yake, kupanda na kushuka kwa sauti kunabaki mdomoni mwa mwimbaji, naye akiondoka anaondoka nako. Kwa hiyo turekodi, ila turekodi tukijua tunachokishika.

Maikrofoni hupima mtikisiko wa hewa mara nyingi kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kama namba. Kipimo kimoja huitwa sampuli. Kasi ya CD ni sampuli 44,100 kwa sekunde. Kila sampuli ikichukua baiti 2 na chaneli ikiwa moja, dakika 1 ni baiti 5,292,000, yaani MB 5 na kidogo.

Mwanzoni mwa faili ya WAV kuna maelezo mafupi: kasi, idadi ya chaneli na ukubwa wa sampuli. Hayo ndiyo yanayoiambia kompyuta namba zisomwe vipi. Rekodi ya 44,100 ukiiandikia 22,050, wimbo wa dakika 3 utachezwa dakika 6, na sauti ya bibi itakuwa nzito kama ya babu. Mwanafunzi wa Geita mjini ambaye hajawahi kuusikia ataamini ndivyo ulivyo.

Python inakuja na maktaba iitwayo wave, huhitaji bando kuipakua. Tuseme unataka sekunde 10 za mwanzo kwa ajili ya kipindi:

import wave

with wave.open("wimbo.wav", "rb") as asili:
    tabia = asili.getparams()
    kasi = asili.getframerate()
    data = asili.readframes(kasi * 10)

with wave.open("kipindi.wav", "wb") as nakala:
    nakala.setparams(tabia)
    nakala.writeframes(data)

"rb" ni kusoma, "wb" ni kuandika. getparams inachukua yale maelezo ya mwanzo, na setparams inayahamishia kwenye nakala, ndiyo maana sauti haibadiliki. Sekunde 10 ni kasi mara 10, basi.

Sasa, simu nyingi hazihifadhi WAV. Zinahifadhi M4A, na wave haiwezi kuisoma, kama isivyoweza MP3. Aina hizi hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui kirahisi. Wenzetu wa machimboni wananielewa: mawe yakishapita kwenye karasha na mwalo, yanabaki marudio, na marudio yanaweza kuchenjuliwa tena yakatoa dhahabu. MP3 haina marudio. Kilichotupwa kimetupwa, na kuigeuza MP3 kuwa WAV kunaongeza MB tu. Kwa hiyo tafuta programu ya kurekodi inayohifadhi WAV tangu mwanzo, kisha tengeneza MP3 ya kurusha kwenye magrupu.

La mwisho ndilo zito. Ukifungua faili kwa "wb" na jina hilo tayari lipo, ya zamani inafutwa papo hapo, bila kuulizwa. Kazi ya darasani utaiandika upya usiku huohuo. Mzee wa miaka 80 huna uhakika kama utamkuta likizo ijayo. Kwa hiyo jina la nakala lisifanane kamwe na la asili, na asili ikae sehemu mbili: kwenye kompyuta na kwenye flashi isiyotoka nyumbani.

Na kabla ya kubonyeza kitufe, mwombe ruhusa, mwambie sauti yake itasikika wapi. Ni yake.