Shule Zikifunguliwa Baada ya Mlipuko
Kwa wazazi na walezi wa Mkoa wa Singida

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, Serikali ilifunga shule. Vyuo na kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na madarasa mengine yote tarehe 29 Juni. Kwetu Singida kipindi hicho ni kipupwe: asubuhi baridi, mchana upepo na vumbi, na alizeti ipo shambani. Mlipuko mwingine ukija, iwe wa kipindupindu au wa ugonjwa wa njia ya hewa, maandalizi ya kurudi shule yaanzie nyumbani.

Mtoto anayeumwa abaki nyumbani

Hili ni kubwa kuliko yote. Tunajua ugumu wake: mama anawahi shamba, na mtoto anaogopa kuulizwa alikuwa wapi. Hata hivyo, mtoto mmoja anayekohoa katika dawati la watoto watatu huambukiza wenzake, nao hupeleka ugonjwa kwa bibi na babu nyumbani. Mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe, maana inaweza kuwa malaria. Dawa ya kutuliza maumivu ya dukani haitibu malaria. Anayeharisha apewe ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini), aendelee kula, asirudi darasani mpaka kuhara kukome. Akiharisha maji mengi mfululizo, yanayofanana na maji ya kuoshea mchele, ni dharura. Mpelekeni kituo cha afya saa hiyo hiyo, huku mkimnywesha ORS njiani.

Walimu, tunawaomba: mtoto aliyebaki nyumbani kwa ugonjwa asiadhibiwe.

Maji machache, mikono safi

Kiangazi maji ni ya kutafuta, na shule isiyo na bomba haiwezi kuyapata peke yake. Kamati ya shule ikubaliane na wazazi ni nani ataleta maji siku gani. Kibuyu chirizi hutumia maji kidogo sana, na vifaa vyake ni kidumu, kamba na kijiti cha kukanyagia. Wekeni kimoja karibu na choo, kingine karibu na jiko la uji. Mikono isuguliwe kwa sabuni sekunde 20. Sabuni ikikosekana, tumieni majivu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na kila mtoto aje na kikombe chake. Kile kikombe kimoja cha kuchovya mtungini kiondolewe kabisa.

Madirisha

Vumbi hutufanya tufunge madirisha yote, na hapo hewa iliyojaa kikohozi haina pa kutokea. Yafunguliwe ya upande usiopigwa na upepo. Siku tulivu yafunguliwe yote, au somo lifanyike chini ya mti.

Asiyerudi

Shule zikifungwa muda mrefu, wapo wanaobaki machungani, wanaobaki kuvuna, na mabinti wanaopata ujauzito. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa ujauzito kurudi shule. Mzazi, usimfiche binti yako. Nenda naye kwa mwalimu mkuu, na mkiona ugumu, mwoneni afisa elimu kata.

Ukiona dalili zinazokutia shaka, mwone mhudumu wa afya wa kijiji chako au piga 199, namba ya Wizara ya Afya. Simu hiyo ni bure.