Kwa Nini Manukato ya Maua Meupe Hubadilika Mwilini

Mtu ajipakaye manukato ya maua meupe saa moja asubuhi, ifikapo adhuhuri huona harufu imegeuka, naye hudhani ameuziwa mali mbovu. Mara nyingi dhana hiyo si sahihi. Manukato hayo hayana harufu moja. Ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, na kila moja huondoka kwenye ngozi kwa mwendo wake.

Tuchukue Fracas, manukato yaliyotungwa na Germaine Cellier mwaka 1948 kwa ajili ya kampuni ya mavazi ya Robert Piguet mjini Paris. Kiini chake ni tuberosi, ua jeupe lenye asili ya Meksiko, likisindikizwa na asumini tunayoifahamu sote. Maua ya namna hii hunukia zaidi usiku, kwani huwaita nondo, ambao gizani huongozwa na harufu kuliko rangi.

Ndani ya tuberosi mna methili benzoati, ichemkayo kwenye nyuzi 199 za Sentigredi. Methili salisilati, nyuzi 222. Na benzili benzoati, nyuzi 323. Mwanafunzi asishangae akikumbuka dawa ya kuchua misuli: methili salisilati ndiyo ile ile. Kwa kawaida, kemikali ichemkayo kwa joto dogo hutangulia kugeuka mvuke. Ndiyo sababu ukali wa mwanzo hupungua, na kinachobaki jioni ni utamu mzito ulio karibu na ngozi.

La ajabu zaidi ni indoli. Imo katika asumini na tuberosi, nayo imo pia katika kinyesi cha binadamu! Ikiwa nyingi, inanuka. Ikiwa kidogo sana, inanukia, na hulipa ua uhai wake. Basi jina la kemikali peke yake halitoshi kueleza harufu. Sharti tujue na kiasi chake hewani.

Mwalimu aweza kutia tone moja kwenye karatasi ya kuchujia, na jingine kwenye kiwiko cha mkono wa mwanafunzi asiyedhurika na manukato. Darasa linuse baada ya dakika 5, nusu saa, kisha muda wa saa 3, kila mmoja akiandika aonavyo bila kumwuliza mwenzake. Ngozi ina joto la nyuzi 32 hivi, kwa hiyo tone la mkononi kwa kawaida litatangulia kubadilika. Wapumzike kabla ya kunusa tena: pua huzoea upesi, na manukato ambayo mwenyewe adhani yamekwisha huenda bado yanamfikia jirani yake.